Kopo Lililorudi Limejaa

Nyie wajukuu, na vijana wengine mtakaoyasoma haya, najua mmeizoea piritoni kama mlivyoizoea pipi. Mtu akipiga chafya mbili, piritoni. Akiumwa na mbu, piritoni. Akikosa usingizi kwa sababu mchana kutwa alikuwa amelala, piritoni. Juzi nimemwona mmoja wenu anameza mbili bila maji huku anawasha pikipiki apeleke abiria Mbagala. Nilimnyang'anya ufunguo. Alininunia hadi magharibi. Na anune tu, kununa hakujaua mtu.

Mie sikusoma sana. Shule niliiacha darasa la pili. Baba alipoona nimeshajua kuandika jina langu akasema inatosha, la mtu mwingine sitaandika. Mengine niliyapata ukubwani kwenye kisomo cha watu wazima, pale kwenye tawi la chama, mtoto mgongoni na chaki mkononi. Kwa hiyo sitawafundisha udaktari. Nitawaeleza tu jinsi nilivyobakiza kidogo nimuue baba mkwe wangu kwa vidonge vidogo vya njano, kwa nia njema na hesabu iliyonyooka.

Miaka ile ilikuwa ya ujamaa. Tulipanga vyumba viwili Temeke, kwenye nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, na choo kimoja uani cha watu wote. Mume wangu alifanya kazi kiwanda cha nguo. Baba yake alikuja kututembelea kutoka Kusini baada ya kuuza korosho zake, mzee mrefu, mkavu, mchonga vinyago, na kikapu chenye tezo, patasi na kipande cha mpingo kilichoviringishwa kwenye gunia. Alisema atakaa wiki mbili. Mwezi wa pili ulipoingia alikuwa bado anasema wiki mbili.

Simsemi vibaya marehemu. Ila alikuwa na heshima mpaka heshima yenyewe inachoka. Kwao mkwe na mkamwana hawatazamani usoni. Kila asubuhi nilipiga magoti mlangoni kwake nikasema, "Shikamoo baba," naye akajibu "Marahaba" akiwa anatazama ukuta. Tuliruhusiwa kuzungumza habari za mvua, za chakula, na za mwanawe. Habari za mwili ziliishia shingoni. Akiumwa kichwa ningeambiwa. Akiumwa tumbo aliambiwa mume wangu, na mume wangu ndiye aniambie mie. Chini ya tumbo hakukuwa na habari kabisa, kana kwamba mzee alipata watoto saba kwa barua.

Basi akashikwa na homa. Mume wangu akampeleka zahanati, akapewa klorokwini. Kesho yake mume wangu akaondoka. Kiwanda kilikuwa na shamba upande wa Kigamboni, na kila idara ilikuwa na zamu yake ya kwenda kupalilia, siku nne, jembe begani na wimbo mdomoni. Akaniachia mzee. Akasema nihakikishe anameza dawa zote.

Alizimeza. Nyie mliozaliwa juzi hamkuijua klorokwini. Homa ilikuwa inaitibu, sina neno, lakini ilikuwa inawasha. Tena si kuwasha kwa mbu. Iliwasha chini ya ngozi, kwenye nyayo, ndani ya masikio, mahali ambapo ukucha haufiki. Watu walijikuna kwa magunzi ya mahindi, kwa vitana, kwa kuta. Mzee wangu alianza kistaarabu, mkono ndani ya shati kama anayetafuta ugoro. Ikampanda. Nikamsikia amesimama kwenye fremu ya mlango anajisugua mgongo kama ng'ombe kwenye mti, na mlango unalia kwii, kwii. Aniambie mie? Wapi. Mkwe hawashwi mbele ya mkamwana.

Sasa mie nilikuwa nayo piritoni. Wiki moja kabla ya hapo nilikula pweza, nikawashwa na midomo ikavimba mpaka mume wangu akaniuliza nimeiazima kwa nani. Mganga wa zahanati akanifungia vidonge kwenye kipande cha gazeti, akaniambia nimeze kimoja wakati wa kulala, na baada ya hapo nisishike kisu wala nisikae na jiko, maana vinalevya usingizi. Nilimeza viwili vitatu, midomo ikarudi mahali pake, vilivyobaki nikavifunga kwenye pindo la kanga. Kila mwanamke wa mtaa ule alikuwa na duka la dawa pindoni. Jirani akiumwa, unafungua fundo, unampa. Huo ndio uliokuwa ujamaa wetu, na wenyewe haukuwa na foleni.

Nikapiga hesabu. Kule kisomoni tulikuwa tumefika kuzidisha, na mie siku zile nilikuwa nazidisha kila ninachokiona. Mie mdogo, nilipewa kimoja. Mzee mkubwa, viwili. Mie niliwashwa midomo tu, mara moja kwa siku. Yeye anawashwa mwili mzima, mara tatu. Viwili mara tatu, sita. Mwalimu wetu angenitia vema. Sikuuliza mtu. Mzee mwenyewe nisingeweza kumwambia, maana ningeanzia wapi? Kwamba nimekusikia ukijikuna, baba? Nikaviweka pembeni ya sahani, karibu na mchuzi, mahali pa pilipili. Naye kwa heshima yake hakuuliza. Alidhani ni vya homa. Akavimeza.

Mchana ule alikuwa ukumbini anachonga. Alikuwa anamchonga bibi kizee mwenye kibuyu, ampelekee mfanyabiashara mmoja wa Kihindi mjini aliyekuwa akinunua vinyago vyake. Kuwashwa kukaisha. Nikasikia tezo inagonga, ko, ko, ko, halafu ko moja peke yake, halafu kimya. Nikachungulia. Kidevu kifuani, anakoroma, tezo mkononi, na pua ya bibi kizee imeruka mpaka mlangoni. Ingeweza kuwa kidole chake. Akili yangu ilitakiwa iamke hapo hapo. Mie nilicheka, nikajipongeza kwamba dawa imefika.

Majirani walikuja kumpa pole wakamkuta analala katikati ya salamu, "mara" inatoka, "haba" haiji. Mpangaji wa chumba cha mbele alisema mzee ana amani ya moyo. Nikasema kimoyomoyo, amani hiyo imefungwa kwenye kanga yangu.

Alipoamka mdomo ulikuwa umemkauka, ulimi unagonga kama kipande cha ubao. Akaomba maji. Habari za maji ziliruhusiwa, kwa hiyo nilimpelekea kwa moyo wote, kata baada ya kata. Jioni vidonge viwili. Asubuhi viwili, na siku nzima vivyo hivyo.

Asubuhi ya siku ya tatu, nilipopiga magoti mlangoni, mzee alinitazama usoni. Hajawahi. Akasema, "Mama watoto, kofia yangu umeiweka wapi?"

Mama watoto wake alikuwa kaburini miaka sita. Nilirudi kinyumenyume kwa magoti yale yale mpaka jikoni. Baadaye akili ikamrudia, akarudi kutazama ukuta wake, na sote wawili tukakubaliana bila kusema kwamba jambo lile halikutokea.

Halafu nikaanza kuliona kopo.

Choo chetu hakikuwa na bomba. Anayekwenda anachukua kopo la maziwa ya unga lililotiwa mpini wa waya, analijaza kwenye pipa, anakwenda, anarudi nalo tupu. Pipa lilikuwa mbele ya jiko langu, kwa hiyo bila kupenda nilijua tabia za tumbo la kila mpangaji. Mzee alikwenda na kopo limejaa. Akakaa. Akakaa mpaka watu wanne wamejipanga nje, na mmoja akauliza kama leo wanagawa sukari humo ndani. Akatoka, kopo limejaa. Punde akarudi tena chooni, akatoka, kopo limejaa. Mara ya sita nikaweka ungo chini. Mara ya saba alitoka amejikunja, mkono mmoja ukutani, jasho linamtiririka, na kopo bado limejaa hadi juu. Alikuwa analibeba polepole asimwage, kama vile ni la kuazima.

Chakula cha mchana alikirudisha hakijaguswa. Maji akakataa. Vidonge vyangu viwili vilikuwa bado pembeni ya sahani, na hapo ndipo niliposhikwa na woga. Nyumbani mle tangu juzi kilikuwa kimeongezeka kitu kimoja tu, nami nilijua kilikotoka.

Nikasimama nje ya mlango wake. Ndani alikuwa anaguna kidogo kidogo, mguno wa mtu anayejificha. Nilifungua mdomo mara tatu. Ya kwanza nikasema, "Baba, mvua inaonekana itanyesha." Akajibu, "Inshallah." Ya pili nikamuuliza kama atapenda uji. Ya tatu nikaufunga mdomo. Mume wangu angerudi kesho kutwa. Kwa jinsi nilivyomjua mzee, kesho kutwa mume wangu angepokelewa na sanda.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwapo mama muuza vitumbua. Kabila lake na kabila la mzee ni watani. Babu zao walipigana zamani, wakachoka, wakakubaliana kwamba kuanzia siku ile watatukanana badala ya kuuana, na kukasirika ni mwiko. Mtani anaweza kukuvua kofia mbele ya wakwe zako. Ukifa anaweza kutangulia kulala ndani ya kaburi lako, asitoke mpaka apewe chochote. Mie nilikuwa simpendi mama yule kwa makelele yake. Siku ile nilimkimbilia bila viatu.

Nikamweleza yote. Akafuta mafuta mikononi, akaniuliza kitu kimoja tu, kama kopo lilikuwa limejaa kabisa. Nikasema kabisa. Akajifunga kanga kiunoni, akaenda moja kwa moja hadi mlango wa mzee, akaingia bila hodi. Mie nikabaki ukumbini, sikio mlangoni.

"We mzee," nilimsikia, "nasikia siku hizi unalangua mkojo. Unasubiri bei ipande?"

"Toka hapa, mtumwa wa babu yangu," mzee akajibu, lakini tusi lenyewe halikuwa na nguvu.

"Nitatoka ukishakojoa. Tangu lini?"

Mzee akajibu kwa chini kabisa: "Tangu jana adhuhuri."

"Na mkamwana wako hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Nimwite mke wa mwanangu nimpe habari za mkojo wangu? Bora nife."

"Ukifa mie ndiye nitakayetakiwa kulala kaburini mwako, na mgongo wangu mbovu. Inuka."

Kuinuka hakuweza. Tukaomba mkokoteni wa muuza maji, madebe yakashushwa, mzee akapandishwa, akajifunika shuka hadi usoni. Mtani akatangulia mbele anapayuka njia nzima kwamba watu wapishe, bwawa linapasuka. Watu wakapisha. Mzee chini ya shuka akawa anamtukana kila tukikata kona, na kwa kweli nilishukuru, maana kila tusi lilinionyesha kwamba bado anapumua. Mie nilikuwa nyuma yao hatua kumi, kichwa chini, mtoto mgongoni, nimeshika lile kopo. Sijui kwa nini nililibeba.

Hospitali alimpokea daktari mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyekesha. Alimpapasa mzee chini ya kitovu, palikuwa pagumu kama tikiti. Akamuuliza amemeza dawa gani. Mzee akasema klorokwini. Daktari akauliza nyingine. Mzee akasema za homa tu, zile nyeupe na zile za njano.

"Za njano ni zipi, ndugu mzee?"

Mzee hakujua. Mtani, ambaye tangu nimjue hakuwahi kukosa neno, safari hii alinyamaza akanitazama mie. Ningeweza kunyamaza na mie pia. Mzee asingejua, mume wangu asingejua, na mtani angeweza kupewa kanga akafunga mdomo. Lakini daktari alikuwa anasubiri, na mzee alikuwa ameuma pembe ya shuka. Nikapiga magoti pale pale sakafuni.

"Baba, zile za njano nilikuwekea mimi. Nilikusikia unajikuna. Ni piritoni, sita kwa siku. Sikukuuliza."

Hakunitazama. Alitazama ukuta wa hospitali, ambao haukumsaidia kitu. Halafu akasema, "Mwambie daktari na hili. Tangu mwaka jana mkojo wangu unatoka kwa kudondoka. Nasimama mpaka miguu inachoka."

Daktari alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake. Hata hivyo nilimgeukia, nikasema, "Anasema tangu mwaka jana mkojo wake unadondoka." Daktari akasema amesikia.

Wakatutoa nje, wakamwingizia mpira mwembamba. Mlio wa maji kwenye beseni tuliusikia tukiwa barazani, na haukuisha upesi. Mtani akapiga kigelegele. Nesi akamfukuza. Akaenda kupiga kingine getini.

Daktari alipotoka alinisema mpaka nikasahau jina langu. Alisema dawa yenyewe si sumu. Inafaa kwa mafua ya chafya na kwa kuwashwa, hata aliyewashwa na klorokwini hupewa hiyo hiyo. Lakini inakausha mdomo na inabana mkojo, na mzee ambaye tezi ya chini ya kibofu imeshavimba, kama wengi wa umri wake, ikimbana kidogo tu amekwama. Akaniambia wazee hupewa kidogo, si kingi, hata awe na mwili kama mlango, kwa sababu kwao inalaza zaidi na kuchanganya akili. Nikamwambia kwa sauti ndogo sana habari ya kuitwa mama watoto. Akasema ndiyo hiyo hiyo. Akauliza kama mzee hunywa pombe. Nikajibu ni mtu wa swala tano. Akasema afadhali, maana piritoni na pombe, au piritoni na dawa nyingine ya usingizi, mtu anaweza kulala asiamke. Akauliza kama ana ugonjwa wa presha ya macho, maana nao haupatani nayo. Nikamsimulia habari ya tezo na pua ya bibi kizee. Hakucheka. Mwisho akamwona mtoto mgongoni kwangu, akaniuliza kama na huyu nimeshampa ili anyamaze. Nikaapa kwamba sijampa. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshalifikiria, kwa ajili ya saa za kisomo.

Na hesabu yangu ya kuzidisha? Alisema wa kuulizwa kwanza ni mgonjwa. Hesabu inafuata baadaye, na anayeipiga ni mtu wa dawa. Vidonge vilivyobaki pindoni alivichukua mwenyewe.

Mzee alilala wodini siku tatu. Mume wangu aliporudi na malengelenge ya jembe, mtani alimdaka barabarani akamhadithia kila kitu, pamoja na mengine ambayo hayakutokea. Alifika kwangu akiwa hajui acheke au anipige. Nikamwambia achague upesi, kuna uji jikoni. Akanywa uji.

Bibi kizee asiye na pua, yule mfanyabiashara wa mjini alimkataa. Yupo kabatini kwangu mpaka leo, ndiye mlinzi wa dawa.

Asubuhi ya kwanza mzee aliporudi nyumbani nilipiga magoti kama kawaida. "Shikamoo baba." "Marahaba." Nikataka kuinuka. Akakohoa, akautazama ukuta, akauambia ule ukuta, "Leo nimekojoa vizuri." Nikasema, "Alhamdulillahi, baba." Kuanzia siku ile, kila alipokuwa kwetu, nilipewa taarifa hiyo kila asubuhi, mvua, chakula na mkojo, mbele ya wageni, hata siku ambazo sikuwa na haja nayo. Aliishi miaka tisa mingine. Hesabuni wenyewe ni asubuhi ngapi.

Jioni ya siku ile ya kwanza niliwaita wote ukumbini, mume wangu, watoto, wapangaji waliokuwa na masikio, na mtani ambaye hakuitwa. Mzee alikaa kwenye kiti chake. Nikatandika kanga yangu mezani, pindo limefunguliwa, halina kitu, nikasema:

"Humu ndani hakuna tena dawa ya pindoni wala dawa ya sahanini. Dawa inatolewa kwa mkono na inatajwa jina. Anayepewa ataulizwa amemeza nini kingine, na anakojoaje. Anayeshika tezo, kisu au usukani asimeze ya kulaza. Mtoto mchanga hapewi mpaka zahanati iseme. Na mkubwa yeyote atakayeona haya kunijibu, mpeni gunzi la mahindi, ajikune."